Namna ya kuijua rutikiti kwenye seva kwa kufuatilia mafaili ya mfumo

Ofisi nyingi za utalii hapa Arusha, Njiro huko, Sakina, Kijenge, na ukienda Moshi ni hivyo hivyo, zina seva moja imewekwa kwenye kona chini ya meza ya mhasibu. Inabeba buking za safari, barua pepe na nakala za paspoti za wageni, na anayeiangalia ni fundi wa kupigiwa simu kitu kikigoma. Isipogoma hakuna anayeigusa. Sasa rutikiti ikishaingia haigomeshi kitu, mashine inaenda vizuri tu, pengine miezi, na huku kuna mtu anasoma kila kinachopita. Ndo maana naandika huu mwongozo kwa mafundi wenzangu, tuwe na namna ya kujua hata pale mashine yenyewe inaposema iko poa.

Kwa asiyeifahamu, rutikiti (kwa Kiingereza rootkit) sio virusi ya kufuta mafaili. Mtu akishapata nguvu za root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwenye mashine yako anaiweka ili abaki humo bila kuonekana. Za zamani zilikuwa zinabadilisha programu za kawaida, `ps`, `ls`, `netstat`, `login`, anaweka za kwake zinazofanya kazi ile ile ila zinaficha programu zake, mafaili yake na koneksheni zake. Zikaja zinazopita kwenye maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja: jina la maktaba yao linaandikwa ndani ya `/etc/ld.so.preload` na kuanzia hapo karibu kila programu inayowaka inaibeba hiyo kwanza, Jynx na Azazel ni za aina hii. Halafu kuna za keneli, kiini cha mfumo endeshi, kama Diamorphine na Reptile, hizi zinaingia kama moduli (kipande kinachoongezwa kwenye keneli) na zinadanganya kuanzia chini kabisa, kwa hiyo `ls` yako inaweza kuwa safi kabisa na bado ikaletewa jibu la uongo. Na Windows haijaachwa, mwaka 2005 Mark Russinovich aligundua kwamba CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinaweka rutikiti kwenye kompyuta za wateja, kila faili lililoanza na `$sys$` likawa halionekani.

Pamoja na ujanja wote huo nyingi zina udhaifu mmoja, zikitaka kubaki baada ya mashine kurestatiwa lazima ziandike kitu kwenye diski. Ama zibadilishe faili lililopo, ama ziongeze jipya. Hapo ndo pa kuzikamatia.

Njia yenyewe sio ya leo. Mwaka 1992 Gene Kim na Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walitoa Tripwire, na mpaka leo wazo ni lile lile: mashine ikiwa bado safi unapiga heshi (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) ya kila faili muhimu la mfumo, orodha unaitunza, baadaye unapiga tena unalinganisha. Heshi ya SHA-256 ni herufi na tarakimu 64, badilisha biti moja tu kwenye faili na heshi nzima inageuka. Tarehe usiitegemee, `touch -r` inanakili tarehe ya faili lingine kwa sekunde moja, na saizi nayo inachezewa. MD5 pia achana nayo kwa kazi hii, tangu 2004 ilishaonyeshwa kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa heshi moja.

Sasa pale pa muhimu kuliko pote, na ukisahau mengine yote shika hili. Orodha ya heshi ikikaa kwenye seva ile ile unayoilinda, umemkabidhi mwizi daftari la stoo. Mwenye root anaweza kuiandika upya orodha ikaendana na mafaili yake, anaweza kuchezea hata programu ya kukagua. Kwa hiyo orodha inatoka nje ya mashine, na siku ukiwa na shaka ya kweli ukaguzi unafanywa na mfumo mwingine, sio na ule unaoushuku.

Tuanze. Wakati mzuri wa kuchukua orodha ya msingi ni seva ikiwa mpya, umemaliza kuinstoli na kuapdeti, kabla hujaifungulia njia ya kuingia kutoka intaneti. Kama seva ina miaka mitatu inafanya kazi bado chukua, ila elewa unapiga picha ya hali iliyopo, kama kuna mgeni ndani basi na yeye yumo kwenye picha. Kwa mashine ya namna hiyo kagua kwanza na kumbukumbu za kifurushi, yaani furushi ambalo programu inakuja nalo wakati wa kuinstoli, nitaieleza hapo chini. Kwenye Linux za Ubuntu au Debian amri ninayoitumia ni hii:

`cd / && sudo find usr/bin usr/sbin usr/lib usr/local boot etc root/.ssh -xdev -type f -exec sha256sum {} + | LC_ALL=C sort -k2 > ~/msingi.txt`

Angalia nimeanza na `cd /` na njia za mafaili hazina mkwaju mwanzoni. Hiyo ni makusudi, ili orodha hiyo hiyo itumike baadaye diski ikiwa imefunguliwa sehemu nyingine kama `/mnt`. `LC_ALL=C` nayo ni kwa ajili ya mpangilio, bila hiyo lapu yako yenye lugha tofauti itapanga mistari kivingine na utaona tofauti elfu moja ambazo sio tofauti. `usr/local` nimeiweka kwa sababu kwenye Ubuntu `/usr/local/bin` inatafutwa kabla ya `/usr/bin`, mtu hana haja ya kugusa `ps` halisi, anadondosha ya kwake pale na wewe unaiita bila kujua. Kwenye Ubuntu za sasa `/bin`, `/sbin` na `/lib` ni viungo tu vinavyoelekea ndani ya `/usr`, ndo maana sijavitaja, na moduli za keneli zinakuwa zimeingia humo humo kwenye `usr/lib`.

Hilo faili lihamishe kwenye flashi, andika tarehe na jina la seva kwa makapeni, weka kwenye droo yenye ufunguo. Wenye mashine nyingi wachome kwenye DVD-R, ikishachomwa hakuna wa kuibadilisha. Usiliache kwenye seva, na usilitume kwa barua pepe inayokaa kwenye seva hiyo hiyo.

Kwa ukaguzi wa kila siku tumia AIDE, ina kazi kama ya Tripwire, ni ya bure na ni ndogo hata kwa bando dogo la intaneti.

`sudo apt install --no-install-recommends aide aide-common`
`sudo aideinit`
`sudo aide --check --config /etc/aide/aide.conf`

Hiyo `--no-install-recommends` inakuepusha na kuletewa seva ya barua pepe usiyoiomba. Ya pili inajenga hifadhidata kwenye `/var/lib/aide/`, subiri kidogo inachukua muda kwenye hadidiski za kuzunguka, ikimaliza inakili hifadhidata kwenye ile flashi pamoja na faili la mipangilio. Ya tatu ndo inakagua, inakupa yaliyoongezwa, yaliyoondolewa na yaliyobadilika. Wenye Linux za Rocky au Alma mnatumia `aide --init`, halafu hifadhidata mpya mnaibadilisha jina kuwa `aide.db.gz` ndo ianze kusomwa.

AIDE inachosha watu kwa sababu ya apdeti. Ubuntu inajiapdeti yenyewe kwa upande wa usalama, unaamka asubuhi ripoti ina mafaili mia nne yamebadilika, siku ya kwanza unasoma, ya pili unasoma, ya tatu unafuta bila kufungua. Hapo ulinzi umekufa. Dawa yake ni utaratibu: kagua kwanza, ripoti ikiwa tupu ndo uapdeti, ukimaliza kuapdeti papo hapo tengeneza msingi mpya na uupeleke kwenye flashi. Kwa seva ndogo ya ofisi mimi naona ni bora apdeti ziende siku moja maalum ya wiki, fundi akiwepo, kuliko ziende usiku peke yake na hakuna anayejua kipi kilibadilishwa na apdeti na kipi kilibadilishwa na mtu. Ila hiyo siku ifuatwe kweli, seva isiyoapdetiwa ndo inayovamiwa.

Sasa ile mashine ya zamani isiyo na msingi. Vifurushi vya Debian na Ubuntu vinakuja na heshi zake, zinakaa `/var/lib/dpkg/info/`, kwa hiyo unaweza kuuliza:

`sudo dpkg -V`

Isiporudisha mstari wowote ni vizuri. Mstari kama huu hapa ni wa kawaida:

`??5?????? c /etc/ssh/ssh_config`

Ile 5 inamaanisha heshi imebadilika, `c` inamaanisha ni faili la mipangilio, na mipangilio huwa tunaibadilisha wenyewe. Ila ukiona hivi:

`??5??????   /usr/bin/top`

hakuna `c`, ni programu. Hakuna sababu ya kawaida ya `top` kutofautiana na ilivyokuja kwenye kifurushi. Hapo weka chai chini. Wenye `rpm` wanatumia `rpm -Va` na wanapata taarifa zaidi, `S.5....T.` maana yake saizi, heshi na tarehe vyote vimebadilika. Kumbuka lakini hizi kumbukumbu zipo kwenye mashine yenyewe na upande wa Debian ni MD5, mvamizi makini anazirekebisha. Kwa hiyo faili likikutia shaka nenda kwenye lapu nyingine iliyo safi, shusha kifurushi chenyewe cha toleo lile lile kwa `apt download procps`, kifungue kwa `dpkg-deb -x`, piga SHA-256 ya `top` iliyomo ulinganishe na ya seva. Hiyo ndo hukumu.

Kwa huku kwetu kuna sababu nyingine ya heshi kubadilika ambayo maelekezo mengi hayaitaji, nayo ni umeme. Ukikatika wakati seva inaandika, na UPS ilishakufa betri, faili linaweza kuharibika na heshi ikawa nyingine bila mkono wa mtu. Utazitofautishaje? Angalia tabia yake. Lililoharibiwa na umeme mara nyingi ni tupu kabisa au lina sifuri ndani, ukiliita linagoma kuwaka, na `dmesg` inalalamika kuhusu diski au mfumo wa mafaili. Lililobadilishwa na mtu linafanya kazi vizuri, ndio kazi yake, lidanganye huku linaonekana zima. Programu yenye heshi ngeni na inayofanya kazi bila kasoro, hiyo ndo ya kuogopa.

Yapo maeneo machache yanayostahili macho ya karibu kuliko mengine. La kwanza ni `/etc/ld.so.preload`. Kwenye Ubuntu ya kawaida hili faili halipo kabisa, likionekana lazima mtu aeleze limetoka wapi. Shida ni kwamba rutikiti ya maktaba inaweza kulificha lisionekane na `cat` wala `ls`, kwa hiyo lisome na programu isiyobeba maktaba za nje:

`busybox cat /etc/ld.so.preload`

Busybox ya kifurushi cha `busybox-static` imejengwa yote ndani yake, preload haiigusi. Ikikuonyesha kitu na `cat` ya kawaida inasema hakuna faili, hiyo sio shaka tena, umeshaikamata.

La pili ni hesabu ya folda, na hii naipenda sana kwa sababu haihitaji kuinstoli kitu. Kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Ubuntu, kila folda ina namba ya viungo, na hiyo namba ni idadi ya folda ndogo zilizomo ukijumlisha mbili. Piga:

`stat -c %h /usr/lib`
`find /usr/lib -mindepth 1 -maxdepth 1 -type d | wc -l`

Ya kwanza ikisema 92 ya pili inatakiwa iseme 90. Ikisema 89 kuna folda moja ndani ya `/usr/lib` ambayo diski inaijua na wewe unafichwa. Rutikiti nyingi zinaficha jina ila zinasahau kurekebisha hesabu, chkrootkit, programu ya kutafuta rutikiti, nayo inatumia ujanja huu huu. Kwenye mfumo wa mafaili wa Btrfs haifanyi kazi, kule namba ni 1 siku zote. Pitia hivyo `/usr/lib`, `/etc`, `/var`, `/dev`, `/tmp`.

Mengine ya kupitia haraka ni `/etc/systemd/system`, `/etc/cron.d`, `/etc/modules-load.d`, funguo za `/root/.ssh/authorized_keys`, na maktaba za PAM, zile zinazothibitisha paswedi, maana ukibadilishiwa `pam_unix.so` kila paswedi inayoandikwa inaenda kwa mwenyewe. Na `lsattr` kwenye `/usr/bin` usiisahau, wavamizi wanapenda kuweka alama ya `i` kwenye mafaili yao ili hata root asiweze kuyafuta kirahisi.

Kama unataka kujua sio tu kwamba faili limebadilika bali saa ngapi na programu gani imeligusa, weka auditd, programu ya kurekodi matukio ya mfumo, halafu ndani ya `/etc/audit/rules.d/` tengeneza faili lenye mistari hii:

`-w /etc/ld.so.preload -p wa -k preload`
`-w /usr/bin -p wa -k programu`

Kutafuta ni `sudo ausearch -k programu`. Logi zitume kwenye mashine nyingine, hata kompyuta kuukuu isiyo na kazi nyingine inatosha. rkhunter na chkrootkit ziwepo tu kama macho ya ziada, zinapiga kelele za uongo mara nyingi na zinajua zaidi za zamani, usizifanye ndo ulinzi.

Tuje siku ya shaka. Labda trafiki inatoka usiku na `ss`, amri ya kuonyesha koneksheni, haionyeshi kitu, labda hesabu ya folda imekataa. Hapo usiendelee kuiuliza seva. Chukua flashi ya kubuti ya Ubuntu uliyoitengeneza kwenye kompyuta safi, zima seva, ibutie kutoka kwenye flashi. Sasa keneli inayosoma diski sio ile inayoshukiwa, rutikiti imelala kama mafaili ya kawaida na haiwezi kujificha. Angalia diski kwa `lsblk`, Ubuntu Server kwa kawaida inatumia LVM (namna ya kugawa diski) na `/boot` iko peke yake, kwa hiyo:

`sudo vgchange -ay`
`sudo mount -o ro,noload /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv /mnt`
`sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt/boot`

Majina yanaweza kutofautiana kwako. `ro` ni kusoma tu na `noload` inazuia jono ya ext4 (daftari la yaliyokuwa yakiandikwa) isirudiwe kwenye diski, ushahidi usiguswe. Halafu `cd /mnt` na urudie ile amri ya `find` kuanzia pale `sudo find`, matokeo yaende `~/leo.txt`, flashi ya droo ichomeke na:

`diff msingi.txt ~/leo.txt`

Faili lenye mistari miwili, mmoja wa `<` na mmoja wa `>`, limebadilika. Lenye `>` tu ni jipya, na hapa ndo utakuta moduli ya keneli ina jina la kawaida kawaida imekaa kwenye `usr/lib/modules` na hakuna kifurushi kinachoimiliki. Yachuje yale ya apdeti kwa kuangalia `/mnt/var/log/apt/history.log`, yanayobaki bila maelezo ndo mgeni wako. Cha kuvutia zaidi ni kitu ambacho kilionekana ulipobuti na flashi na hakikuonekana seva ikiwa hai.

Upande wa Windows kwa kifupi. Kompyuta nyingi za stesheneri na ofisi ndogo zina Windows ya kuaktivetiwa na programu ya kupeana kwa flashi, na hizo programu zinagusa mafaili ya mfumo na kukuomba uzime antivirusi, kwa hiyo hapo huna msingi safi wa kuulinda, anza kwa kuifomati. Kwenye iliyo halali fungua dirisha la amri kama msimamizi, `sfc /verifyonly` inalinganisha mafaili ya mfumo na nakala za Microsoft bila kurekebisha, ripoti iko `C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log`. Draiva zipigie heshi kwa PowerShell uzihifadhi nje:

`Get-ChildItem C:\Windows\System32\drivers -Filter *.sys | Get-FileHash | Export-Csv E:\draiva.csv`

Kuwa na saini halali peke yake kusikutulize, kirusi Stuxnet cha 2010 kilikuja na draiva zilizosainiwa kwa vyeti vilivyoibwa vya Realtek na JMicron. Ukiwa na shaka tumia Defender Offline, inarestati na kukagua kabla Windows haijawaka, au piga `sfc` kutoka kwenye flashi ya Windows kwa `/offbootdir` na `/offwindir`.

Na kuna vitu njia hii haivioni. Rutikiti inayoishi kwenye memori tu haigusi diski. LoJax, ambayo kampuni ya usalama ya ESET iliitangaza 2018, ilikaa kwenye chipu ya UEFI, ile inayowasha mashine kabla ya mfumo endeshi, diski unaweza kubadilisha na bado ikarudi. Na mlango wa nyuma wa xz, programu ya kubana mafaili, wa Machi 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ulikuja ndani ya kifurushi rasmi chenye heshi sahihi, aliyeugundua, Andres Freund, alishtushwa na SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kuchelewa kidogo kuingia. Kwa hiyo macho ya fundi bado yanahitajika.

Ukithibitisha imo, chomoa kebo ya mtandao, usifute kitu, nakili diski nzima kwa `dd` kwenye diski nyingine na ile ya asili iweke pembeni kama ushahidi. Mwambie mwenye ofisi wazi wazi, maana kama kulikuwa na paspoti za wageni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye, sio fundi peke yake. Taarifa inaenda TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, wapo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na polisi. Usijaribu kuisafisha rutikiti, instoli upya kuanzia sifuri kwenye diski mpya. Kutoka kwenye bakapu rudisha data tu, usirudishe programu wala skripti. Paswedi zote zibadilishwe kutoka kwenye kompyuta nyingine, za barua pepe, za benki, za laini ya malipo, na funguo zote za SSH zitengenezwe upya. Ukimaliza kuapdeti mashine mpya funga njia zote za kuingia kutoka nje, chukua msingi, ipeleke flashi kwenye droo, halafu ndo uifungue kwa watu.